Hesabu ya Novemba, Kyanamukaaka

Daftari la kanisa lina safu mbili, Mapato na Matumizi,
na safu ya Mapato ilikuwa nyembamba kuliko kanzu ya katekista.
Mayai sita. Mkungu wa matoke, umechubuka.
Sarafu tatu za mia tano.
Jogoo aliyenadiwa mara mbili, maana mnunuzi wa kwanza alimrudisha.

Mabati sitini tulikopa kwa Lutaaya.
Fundi akataka misumari mkononi kabla ya kupanda ngazi,
kwa hiyo mabati yakaegemea ukuta wa nje, miezi miwili,
yaking'aa bure
kama meno mapya kinywani mwa mtu asiye na chakula.

Tukaitisha mkesha wa kuombea misumari.
Sitanii. Ssenkaali alisema Mungu hupenda ombi lenye kipimo,
basi tukamtajia inchi.
Swaibu, anayeswali msikiti wa ng'ambo ya bonde,
alituazima jenereta na balbu kubwa ya uwanjani,
akakaa nje kulinda dizeli yake
tusije tukaimaliza kwa haleluya.

Saa nane usiku mvua ikakatika.
Kisha sauti: changarawe juu ya bati. Changarawe hai.
Nilikuwa nimefumba macho, nikadhani tunapigwa mawe.
Swaibu ndiye aliyepaza sauti,
"Tokeni! Acheni kuomba, mmeshajibiwa!"

Mwezi huu Waganda huuita Musenene, kwa jina lao,
ila kwetu walikuwa wakipita tu, juu kwa juu,
kwenda mjini kwa wategaji wenye mapipa.
Usiku ule walishuka, wa kijani, wa kahawia,
wakagonga mabati, wakateleza, wakarundikana
hadi usawa wa msingi.
Tulizoa kwa mabeseni, kwa leso, kwa kikapu cha sadaka,
Nabbosa kwa gomesi lake, amelikunja kiunoni,
mtoto mmoja kwa kiatu.
Magunia kumi na tisa kabla ya adhana.

Ugomvi ukawahi kufika kuliko chai.
Lutaaya: "Bati ni langu hadi lilipwe."
Swaibu: "Na mwanga?"
Ssenkaali akainua kidole, akasema wadudu ni wa Bwana,
huku mkono wa pili umekaba shingo ya gunia.
Mwisho Lutaaya akapata deni lake, Swaibu magunia mawili.
Yaliyobaki yalikwenda Masaka kwa pikapu, yakitetema,
yakarudi yakiwa misumari, mbao,
na kengele ndogo ambayo hakuna aliyeiomba.

Mimi ndiye mweka hazina.
Mimi ni wa ukoo wa Senene.
Bibi alinifunza: ndugu zako hawaliwi,
hata wakikaangwa kwa kitunguu,
hata harufu ikikufuata mpaka kitandani.
Niliwahesabu, gunia kwa gunia.
Nikaona miguu ikinyofolewa, mbawa zikipepea uani kama makapi.
Noti zao nikazipokea kwa mikono miwili.

Usiku nikafungua daftari. Mapato: tuite nini?
Sadaka? Hawakutoa, walitolewa.
Mauzo? Nani kamuuza nani?
Nikaandika tarehe, kiasi, sahihi yangu.
Nafasi ya jina la mtoaji niliiacha wazi.
Mkaguzi ameizungushia duara jekundu.

Siku hizi mvua ikinyesha hatulowi.
Watu husema, sikiliza, paa linaimba.
Mimi husikia changarawe.

Aprili, katikati ya mahubiri, alishuka mmoja, wa kijani,
akatua kwenye daftari.
Watoto walimwona kabla yangu, wakameza mate.
Nilimfunika kwa kiganja, nikatoka naye taratibu
kama mtu anayemtoa ibadani mtoto anayelia.
Nje sikumwachia upesi.
Nilikuwa na neno la kumwambia,
nalo lilikuwa bado linatafuta mlango
aliporuka,
akaniachia mguu mmoja kidoleni.